Pesa za Hija ya Swabra

Mohdhar alikuwa na miaka sitini na minne mwaka ule hija ilipofungwa kwa mataifa ya nje. Alikuwa amestaafu ukarani wa ghala bandarini. Nusu ya kiinua mgongo chake ilimalizia nyumba yao ya Mikindani, nusu aliikabidhi kwa wakala wa hija, kulipia nafasi yake na ya mkewe Swabra. Kisha likaja tangazo kwamba kwa sababu ya korona hakuna atakayetoka Kenya kwenda Makka. Wakala akawarudishia pesa kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa mkono wa pole.

Swabra alizifunga kwenye leso, akazitia kabatini. "Zikae papo hapo," alisema. "Njia ikifunguliwa tusianze kutafutana."

Hazikukaa. Jirani yao Kyalo, mtaalamu wa maabara aliyetoka Machakos zamani, alikuwa anaanzisha kampuni ndogo ya vipimo Changamwe, karibu na malori yanapopanga foleni. Dereva wa kwenda Uganda alikuwa havuki mpaka bila cheti cha kuonyesha kwamba hana korona. Kyalo alikuwa na leseni na chumba. Alichopungukiwa ni nusu ya bei ya mashine.

"Mzee, mimi sikuombi mkopo," alisema akiwa amesimama mlangoni, barakoa imeshuka kidevuni. "Unakuwa mwenye hisa. Tukipata tumepata sote."

"Na tukikosa?"

"Korona itaenda wapi? Imefika juzi tu, hata mizigo haijafungua."

Mohdhar alicheka, na kicheko kile kilimponza. Jambo lenyewe lilimpendeza: halina riba, faida na hasara ni za wote, na watu wanapata huduma. Usiku alimweleza mkewe.

"Mimi biashara siijui, Baba Nana. Ukiona kheri, fanya. Lakini ujue kwamba mimi nataka kwenda."

"Utakwenda, inshallah. Na zitakuwa zimezaa."

Miezi ya kwanza biashara ilikwenda mbio. Mohdhar alikaa kwenye benchi nje ya maabara akiwaangalia madereva wakitoka na machozi, wameshika pua.

"Daktari," mmoja alilalama, "huko juu kote ulikuwa ukitafuta nini? Akili?"

"Nimetafuta sana," alijibu Kyalo. "Kamasi tupu."

Benchi zima lilicheka. Mohdhar naye alicheka, huku jicho lake likipima urefu wa foleni. Faida ilipokuja haikufika kabatini. Ilinunua dawa za vipimo, jokofu, na jenereta ya siku za kukatika umeme. Kila mara Kyalo alisema bado kidogo, na alikuwa akisema kweli.

Wazee walikuwa wamekatazwa kwenda msikitini, kwa hiyo Mohdhar alisali nyumbani, Swabra akiwa nyuma yake. Alfajiri moja alikuwa katika kunuti, ile dua ya rakaa ya mwisho, mikono ameinua, akafika pale pa kuomba maradhi haya yaondolewe. Maneno aliyajua tangu utotoni. Sauti ikamfia. Aliona foleni ya malori ikiyeyuka, benchi tupu, mashine imefunikwa shuka. Akayameza yale yaliyobaki, akaruka hadi mwisho wa dua. Nyuma yake Swabra aliitikia amina kwa sauti iliyojaa, kana kwamba amesikia kila neno.

Mwaka wa pili hija ikafungwa tena. Swabra alizima redio akaenda jikoni. Mohdhar alibaki kitini, akagundua kwamba amepumua. Amepata mwaka mwingine wa kurudisha zile pesa. Tangu siku hiyo alianza kuchoka uchovu ambao kulala hakuuondoi.

Mwaka wa tatu mambo yote yalikuja pamoja. Cheti hakikuhitajika tena mpakani, foleni ikakatika kama maji ya mfereji. Na Makka ikafunguliwa, ila kwa walio chini ya miaka sitini na mitano. Swabra alikuwa na hamsini na tisa. Mohdhar alikuwa na sitini na sita.

Alimfuata Kyalo maabara, akamkuta peke yake.

"Tuiuze."

"Mzee, nipe mwaka. Mashine hii inapima kifua kikuu, inapima homa ya ini. Wateja watakuja polepole. Tukiuza leo ni kutupa."

"Polepole sina. Mke wangu anangoja."

"Na mimi nitabaki na nini? Jokofu?"

Mohdhar alilitazama jokofu, akarudia kwamba wauze. Waliiuza. Hisa yake ilitosha mtu mmoja kwa shida.

"Nitasubiri mwakani tuende sote," Swabra alisema alipoambiwa. "Huenda umri wakauondoa."

"Mwakani sina cha kukuahidi. Nenda na kaka yako Yasir, yeye ana nauli yake."

Siku ya kumuaga, nyumba ilijaa watu waliokuja kutaka radhi na kuomba dua. Kyalo naye alikuja, akavua viatu mlangoni.

"Mama Nana, mimi si wa huko, lakini uniombee. Biashara imelala."

"Biashara gani, Kyalo?" jirani mmoja akamrukia. "Ya pua? Mwache mama, asije akaturudishia korona kutoka Arafa!"

Watu walicheka. Kyalo alicheka kidogo, akatazama chini.

"Nitakuombea riziki," Swabra alisema. "Inavyokuja, nitamwachia mwenyewe Mola."

Wageni walipopungua alimgeukia mumewe, aliyekuwa akikaza kamba ya sanduku.

"Na wewe nikuombee nini?"

Mohdhar alifikiri pesa, afya, mwaka ujao. Vyote aliona vizito kumbebesha mtu.

"Usingizi," alisema.

Swabra alianza kucheka, kisha akamtazama usoni, akaacha. Akaishika ncha ya pili ya kamba, wakaikaza pamoja.