Kikao cha kumrudisha kakangu nyumbani Gesima, na chai iliyotaka kutuua

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sina haja ya kutia chumvi. Hofu yenyewe bado ninayo.

Kakangu Nyakundi ni mgonjwa wa akili. Miaka iliyopita alimkata jirani yetu, Baba Kemunto, kwa panga, akafa. Korti ikaona hakuwa na akili timamu, akapelekwa hospitali Nairobi, wodi yenye askari mlangoni.

Juzi social worker wa hospitali hiyo akapiga simu. Nyakundi amepata nafuu, lakini hawamwachilii kabla ya kikao na familia, chifu, kanisa na mjane wa Baba Kemunto. Na mgonjwa mwenyewe awepo.

Niliogopa sana. Huku kwetu watu wakiamua mtu ni hatari, hawangoji korti.

Siku ikafika. Nyakundi akaletwa nyumbani kwetu, amenenepa kwa dawa, macho chini. Vijana wa kijiji wakasimama kwenye shamba la majani chai nje ya ua. Hakuna aliyepiga kelele, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi.

Madam social worker si wa huku. Alipoona nyuso zimekazwa, akaamuru chai imiminwe, wote tunywe pamoja mioyo ilegee.

Nia njema, lakini wee! Kwetu damu ikimwagika, nyumba ya aliyeua na ya aliyeuawa hazili wala kunywa pamoja mpaka wazee wapatanishe. Mama Kemunto, yule mjane, akainuka. Vijana nao wakasogea getini. Sisi tunaojua mila tukakauka tu, hata chifu.

Aliyeongea ni Nyakundi.

"Madam, toa hiyo chai. Mimi siwezi kunywa na huyu mama. Nilimwaga damu yao."

Mama Kemunto akamtazama, kisha akaketi.

"Hiyo ugonjwa ikirudi, nani atajua kwanza?" akamuuliza.

"Ni wewe, mama. Mimi huanzanga kulima usiku, na shamba yako iko hapo tu. Ukisikia jembe, usikuje. Pigia hospitali."

Wakakubaliana hivyo: mama ndiye wa kupiga simu, na wazee waanze upatanisho.

Nilichojifunza ni kwamba tulikuwa tunamjadili kama ng'ombe wa mnada, kumbe anayeujua ugonjwa huu kuliko sisi sote ni yeye.

Anarudi mwezi ujao. Nampenda kakangu, wakuu. Na nimeshanunua komeo jipya la mlango wangu.

Wenye mgonjwa kama wetu nyumbani, niambieni bila aibu: nyinyi mnalalaje?