Chungu Kilichokunywa Sabuni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, katika mwaka wangu wa kwanza wa ndoa kule Mwika, mlimani. Nilikuwa nimelelewa Chekereni, tambarare kwenye mpunga, ambako tulipikia sufuria na kuisugua mpaka uone uso wako. Ilikuwa miaka ile maduka yalipoanza kujaa tena baada ya dhiki, na sabuni ya unga, ambayo tulikuwa tumeisahau, ikarudi. Nilikwenda nayo ukweni pakiti mbili.

Wifi yangu alikuwa na siku nne tangu ajifungue, na maziwa yalikuwa hayajashuka vizuri. Mama mkwe alimpikia mtori, supu nzito ya ndizi ya kuleta maziwa, kila siku katika chungu kimoja cheusi. Asubuhi ile, akienda kukata majani ya ng'ombe, aliniachia jiko kwa mara ya kwanza. Mgeni ni kuku mweupe, nami nilitaka nionekane kwa usafi. Nikakiloweka kile chungu kwa sabuni, nikakisugua kwa waya mpaka weusi wa ndani ukatoka, kisha nikapika.

Wifi alionja vijiko viwili, akaweka bakuli chini. "Wifi, leo umenipikia au umenifulia?"

Mama mkwe aliporudi hakufoka. Alikinusa chungu, akainjika sufuria, akaanza kumenya ndizi upya huku mtoto akilia. Mzazi alikula jua limekwisha kuinama. Ndipo mama akanigeukia.

"Sufuria haina kiu, mama. Chungu kinakunywa. Ukikipa mchuzi kinakunywa mchuzi, ukikipa sabuni kinakunywa sabuni. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nilidhani ni uchafu."

"Uchafu huo umelea watoto saba."

Basi nikauliza, ingawa nilikuwa nimechelewa. Akaniambia chungu kile kililetwa sokoni na mama mmoja mfinyanzi wa Ugweno, kichwani, na bei yake ilikuwa ulezi wa kukijaza. Tangu hapo kilioshwa kwa maji ya moto tu. Nilivutwa na habari hizo kuliko nilivyotarajia. Nikanunua daftari sokoni Himo, nikaanza kuandika kila chombo cha jikoni: kimetoka wapi, kimechukua nafasi ya kipi. Jagi la plastiki lilikuwa limeiondoa kata ya kibuyu. Mwiko wa mama ulikuwa umelika upande mmoja tu, kwa kuponda ndizi kwa mkono uleule miaka yote.

Chungu tulikichemshia maji na maganda ya ndizi siku tisa, ili kitoe sabuni. Kila siku mama alikinusa, akatikisa kichwa. Siku ya tisa akanipa mimi.

"Wewe unasemaje?"

Nikanusa mara mbili. "Bado kidogo, mama."

Akacheka. "Haya. Kesho utaendelea mwenyewe, mimi nina kazi shambani."

Tangu siku hiyo jiko likawa letu wawili.

Nasaha yangu ni hii, mwanangu. Ukiingia nyumba ya watu, au kazi ya watu, ukakuta kitu usichokielewa, usikimbilie kukisugua. Uliza kimetoka wapi, kinafanya nini, na kinaharibiwa na nini. Sikukatazi vipya, hata mimi leo napikia sufuria. Lakini kuuliza si ujinga, na kunyamaza kwangu kulimcheleweshea mzazi mlo wake.

Mungu akupe nyumba yenye watu wa kukuonya, akupe na masikio ya kuwasikia ungali na muda wa kutengeneza.