Pole kwa Msiba wa Bibi

Aibu ndiyo iliyomwua bibi yangu, nikiwa mwaka wa kwanza chuo kikuu, naye yuko kijijini kwetu Mbekenyera anapalilia mihogo, mzima kama kigongo.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilitoka shule ya wasichana ya misheni, ambako tulinyolewa wote, na nilipofika Dar es Salaam nikaziachia nywele ziote. Dada mmoja wa mwaka wa pili alikuwa akiwatia wenzake dawa ya nywele bwenini. Akanikalisha juu ya ndoo, akanipaka, akauliza, "Inaunguza?" Nikasema haiunguzi. Ilikuwa inaunguza mpaka naona nyota! Akatoka koridoni kuongea na mwenzake, mazungumzo yakamnogea, nami sikujua nimkatize vipi. Kesho yake nywele zikatoka mafungu mafungu, na zilizobaki nikazinyoa kwa wembe.

Jumatatu nikaingia darasani na upara, macho mekundu. Kiongozi wa darasa akanijia amekunja uso wa huruma. Mwanamke akinyoa ghafla, kwetu sote inajulikana kuna nini.

"Pole sana, dada. Ni mama?"

Nikatikisa kichwa.

"Baba?"

Nikatikisa.

"Bibi?"

Niliona nikitikisa tena atahamia kwa mashangazi na wajomba, na ukumbi mzima unatutazama. Nikanyamaza. Machozi yakanitoka, kwa sababu kichwa kilikuwa kinawaka moto, na bibi akawa amekufa.

Darasa likasimama kimya dakika nzima. Mhadhiri akaniongezea wiki moja ya kumaliza insha. Watu ambao hawakuwahi kunisalimia wakapanga foleni kunishika mkono. Mmoja wao alikuwa binti wa mtumishi wa serikali, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa Nachingwea. "Kumbe sisi majirani!" akasema, akakaa kiti cha pembeni yangu, na hakukiacha mwaka mzima. Kantini alinichukulia chakula, maana mimi niliwaogopa wapishi. Kwenye kikundi cha majadiliano alisema, "Mwacheni naye aseme," nami nikasema, kwa mara ya kwanza. Sikuwahi kuwa na rafiki namna ile. Kila nilipotaka kumwambia ukweli nilimwona akihama kiti, nikaumeza.

Likizo ndefu nikarudi nyumbani kuvuna ufuta. Siku moja tuko uani, bibi anakung'uta mafungu ya ufuta juu ya turubai, gari la ofisi ya baba wa rafiki yangu likaingia na vumbi lake. Akashuka mwenyewe na doti ya khanga na sukari kilo mbili. Darasa lilikuwa limemtuma.

"Shikamoo, bibi. Poleni sana kwa msiba wa bibi."

"Marahaba," bibi akajibu, kisha akaniuliza kwa Kimwera huyu mtoto anataka nini.

Nikamwambia kwa Kimwera, haraka: chuoni wanajua umekufa, nimeshindwa kuwakatalia, na huyu ndiye rafiki yangu peke yake.

Bibi akanitazama. Nilijua ananichongea fimbo akilini. Halafu akaweka ufuta chini, akakaa mkekani, akanyoosha miguu, akajifunika khanga kichwani.

"Nimepoa, mwanangu," akasema kwa Kiswahili. "Alikuwa dada yangu. Mkubwa wangu."

"Pole, bibi."

"Mtu mzuri sana yule. Mchapakazi. Kijiji hiki hakuna aliyepika kisamvu kumshinda."

Akajisifu mpaka akalia. Machozi ya kweli kabisa. Rafiki yangu akalia naye, na dereva akavua kofia. Kisha rafiki akafuta macho, akaomba apelekwe kaburini akasali.

"Kaburi lipo Narung'ombe," bibi akasema. "Mbali."

"Gari si lipo, bibi."

"Hapana. Marehemu hakupenda gari. Lilimtapisha."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Rafiki yangu akasali palepale, akielekea Narung'ombe, na bibi akaitikia "amina" ya nguvu kuliko sote.

Gari lilipoondoka nikangoja fimbo. Bibi akaipima doti ile kiunoni, akairidhia, akasema, "Mdomo umepewa wa nini? Haya. Na siku nikifa kweli, utamwambia nini?" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mwalimu Ruangwa, na simu za mkononi zilishafika, ingawa Mbekenyera mtandao uliupata ukipanda kichuguu. Rafiki yangu hakuwahi kuhama kiti, kwa namna ya kusema. Alikuwa akinipigia kila mwezi, na kila mara alimuulizia "bibi mdogo", yule mdogo wa marehemu.

Tulimzika bibi siku ya Alhamisi. Jumamosi asubuhi wanawake wa ukoo wakaninyoa, na nikiwa bado nina maji kichwani nikapanda kichuguuni kumpigia mkuu wa shule kuomba ruhusa. Kabla sijabonyeza, simu ikaita. Alikuwa rafiki yangu. Alinisimulia harusi ya mdogo wake, vizuri, kwa furaha, nami nilitamani kulia kwenye bega lake kuliko bega la mtu yeyote duniani. Lakini msiba huu alishanipa pole. Alishauletea na sukari.

"Na bibi mdogo, hajambo?"

Ningesema bibi mdogo amekufa, angenipa pole ya mtu mwingine. Nikashika upara wangu.

"Hajambo," nikasema. "Anakusalimu sana."