Ukumbi Uliokizunguka Kichuguu

Shemeji yangu tulimwita Randa kwa sababu ya kazi yake ya useremala. Mimi nimeolewa na mdogo wake, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kumtania, na sikuiacha ilale bure. Maisha yake mengi alitengeneza majeneza. Si kwamba alipenda. Siku hizi mtu akitaka kabati anakwenda dukani, lakini msiba haungoji duka, basi waliobisha hodi kwake wakabaki kuwa wafiwa tu. Mkewe alipokufa alimtengenezea lake mwenyewe na kukataa kusaidiwa hata kupiga msasa. Baada ya hapo akawa mtu wa kuitikia salamu kwa kichwa.

Ndipo wakaja wale Wabudha. Walinunua machimbo ya kokoto juu ya mji, mahali ambapo hata mbuzi alipita haraka, wakasema wanataka kuyageuza yawe mahali pa kukaa kimya na kutafakari. Kiongozi wao alikuwa mtawa mmoja mwanamke, kichwa amekinyoa, sauti ya pole, na sote tulimwita Mama ingawa wengine wetu tulimzidi umri. Walinichukua niwe mpishi. Mimi nikamtaja shemeji.

Sijawahi kuona watu wanaojenga vile. Kabla ya kuchimba msingi wowote, udongo ulichekechwa kwa mikono, na kila nyungunyungu aliyeonekana akabebwa kwa ndoo mpaka bondeni. Vibarua walicheka mpaka wakashika mbavu, na baadhi wakaacha kazi wakisema hawakuja pale kulea nyungunyungu. Randa hakucheka. Alichuchumaa akachekecha. Mashimo ya kokoto yakajazwa, miti ikapandwa, njia za kutembea taratibu zikazunguka kilima, na mtu aliyekuwa hatoki nyumbani akawa wa kwanza kufika asubuhi na wa mwisho kushuka.

Ikabaki kujenga ukumbi wa kutafakari. Mama alitaka uwe wa mbao, wenye sanamu ya Budha ya jiwe mbele. Sasa, pale penye kiwanja kizuri palikuwa na kichuguu kikubwa, kimejaa mchwa. Mtu mwingine yeyote angeita watu wenye majembe. Randa akasema, "Hawa walikuwa hapa kabla yetu. Acheni ukumbi upinde, ukizunguke." Akauchora kwa kijiti mchangani, umejikunja kando ya kichuguu kama mkono wa mama aliyempakata mtoto. Mama akakubali. Kichuguu kikawekewa mawe meupe pembeni, na kila aliyepita akakiinamia.

Mimi nilimwambia, "Shemeji, unawajengea mchwa nyumba ya mbao mlangoni kwao? Si uwapelekee na chumvi kabisa?"

"Wewe shika mwiko wako," akanijibu.

Ukumbi ulipokwisha, watu walitoka mbali kuja kuutazama. Siku ya kuufungua Randa alipiga magoti mbele ya Mama, akaweka viapo vitano vya Wabudha. Kileo alikuwa amekwisha kukiacha kwa ajili ya tumbo, na mambo ya wanawake hayakuwa tena shida yake, lakini kile cha kutoua kiumbe chochote alikitamka polepole kuliko vyote. Alipoinuka alikuwa anacheka. Nilikuwa nimesahau kama ana meno.

Mchwa hawakuchelewa. Na kwa kuwa mle ndani watu hukaa kimya kabisa, hakuna aliyeweza kujidanganya: ukitulia vizuri, uliwasikia wakitafuna. Wageni waliulizana kwa macho. Randa alijaribu majivu, akajaribu oili chafu, akabandua mbao zilizoliwa na kupachika mpya. Akachukua brashi ya manyoya laini, akawa anawafagia mchwa kwenye ndoo na kuwapeleka bondeni, kutwa nzima, na Mama na wenzake wakamsaidia huku wakiimba dua zao. Wakipeleka ndoo moja, nyumba nzima ya mchwa iko chini inazaa. Nilimwona anakonda. Mume wangu akamwambia mwaga dawa umalize kazi. Randa akasema, "Nimeapa, mdogo wangu. Siwezi kuua ndani ya nyumba niliyoijenga ili kitu kisife."

Halafu mkaguzi wa majengo akapita, akasonya na kusema atarudi kupima nguzo. Zikionekana hazifai, ukumbi utabomolewa. Kuanzia siku hiyo shemeji yangu alikuwa na roho mkononi. Vitu viwili alivyokuwa navyo duniani vilikuwa kiapo na ukumbi, na kimoja kilikuwa kinakula kingine.

Yakafika mafungo makubwa ya mwaka. Utaratibu wake ni huu: kengele ikishalia, hakuna kusema neno mpaka ilie tena siku ya kufunga. Hakuna kuandikiana, hakuna kupeana ishara. Hata mpishi. Mimi kunyamaza kutwa nzima ni ugonjwa, nilikuwa nazigombeza sufuria kwa macho. Randa naye alikaa humo humo na wengine, na usiniulize aliwaza nini akiwasikia wale wadudu chini ya sakafu. Siku ya pili mchana, wote walipokuwa wanatembea kwenye njia za kilimani, alichukua bomba la kupulizia mazao, akamwaga dawa kwenye kichuguu na chini ya kila nguzo. Harufu ilinifikia jikoni nikadhani ni rangi.

Kengele ya kufunga ilipolia, watu walitoka nje wakikumbatiana na kuanza kuongea kwa sauti za chini, kama wanaojifunza upya. Nilikuwa nagawa chai. Randa alipita katikati yao akaenda kupiga magoti mbele ya Mama.

"Mama, nimeua," akasema. "Nimemwaga dawa. Najua nilichokifanya, na kama ni kufukuzwa nitaondoka. Lakini ukumbi umepona. Hautafunwi tena, nenda kasikilize."

Mama alikaa chini kwenye kokoto, pale pale alipokuwa amesimama.

"Ulimwaga lini?" akauliza.

"Siku ya pili."

"Mkaguzi alikuja siku ya kwanza," Mama akasema, "kengele ikiwa imeshalia, nanyi mko kwenye njia za kilimani. Alizigonga nguzo zote. Mle ndani hakuna kitu, ni maganda matupu. Ukumbi unabomolewa."

Randa alimkodolea macho. "Ulinipita njiani asubuhi ya siku hiyo ya pili. Ulinipa maji ya kunywa."

"Nilikupa."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua. Nikasema nikuache upate amani siku hizi chache, nikuambie kengele ikilia. Ningeweza kuvunja kimya. Lilikuwa neno moja tu. Sikulisema."

Nilikuwa na birika la moto mkononi na nilitaka nimmwagie Mama, sisemi uongo. Kimya gani hicho cha kumwacha mtu aangamie huku unamtazama? Lakini alikuwa analia, na machozi yake hayakuwa ya kuigiza, basi hasira yangu ikakosa pa kwenda. Akamwambia Randa kwamba kiapo kinaweza kuwekwa upya, hata sasa hivi, aseme tu akimfuata. Akaanza kuyatamka yale maneno. Randa akanyanyuka akashuka mjini.

Ukumbi ulibomolewa kwa siku moja, haukuwatesa wabomoaji. Sasa wanajenga mwingine wa matofali ya saruji, mnyoofu. Mama ameshakwenda kwa Randa mara kadhaa kumwomba msamaha, naye amemsamehe, husema hivyo bila kinyongo. Ila juu hapandi.

Juzi nilimpelekea chakula nikamkuta ameketi, mikono juu ya magoti, kazi haijaguswa. Nikamtania kidogo, hakuchangamka. Akaniambia, "Shemeji, ukumbi ulikuwa umekwisha tayari. Ule ningeulilia halafu nikazoea, mbona nimeshazika wengi. Lakini kiapo kilikuwa bado kizima asubuhi ile nilipokunywa yale maji."

Nikamfunulia sahani, nikakaa naye mpaka chakula kikapoa.