Mtoto wa Sufi na Maji ya Kudhania

Chuoni kwetu tulikuwa na mtoto mmoja tu, na mtoto mwenyewe alikuwa wa kitambaa. Mwili wake ni marekani iliyojazwa sufi, macho na mdomo vimechorwa kwa wino, nywele hana. Darasa zima la wasichana tunaosomea unesi tulimwogesha huyo huyo kwa zamu, na katika kuogeshwa kote huko hakuwahi kuona tone la maji. Sufi ikilowa haikauki upesi, inavunda, inanuka. Kwa hiyo tuliogesha kwa maji ya kudhania. Unachukua beseni tupu, unatumbukiza kiwiko kupima joto, unatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, unamlaza mtoto juu ya mkono wa kushoto, unampaka sabuni isiyokuwapo, unamsuuza, unamkausha. Mwalimu anapita nyuma yako anasema, "Maji yameingia sikioni hayo." Nawe unaomba radhi kwa ajili ya maji ambayo hayapo.

Mimi na maskhara tumezaliwa pamoja, sasa mtu akinipa beseni tupu na mtoto wa sufi anataka nifanyeje?

Niseme ukweli, unesi sikuufuata kwa wito. Nilifuata viatu vyeupe. Nilikuwa nimewaona manesi wakipita Mnazi Mmoja na viatu hivyo, hawakanyagi tope, au wakikanyaga tope lenyewe linaona haya. Shangazi yangu aliyenilea, muuza mkaa pale Kariakoo, aliposikia nimechaguliwa alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa na kopo lake la kupimia mkaa, na pembeni yake ukutani alitundika jingine. "Hili lako," akaniambia siku ninaondoka. "Nenda kasome. Lenyewe litakungoja hapa hapa." Kila nikienda nyumbani likizo nalikuta limening'inia kwenye msumari, linanitazama.

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kilimanjaro, mrefu, amenyooka kama rula, Mkristo wa kuimba asubuhi na jioni. Alikuwa nesi miaka mingi kabla ya kufundisha, na mikono yake ilikuwa haina haraka. Akimaliza kueleza jambo hupiga makofi mawili, pa, pa, kisha anauliza, "Tuko pamoja?" Nasi tunajibu, "Tuko pamoja, Mwalimu!" hata wale waliolala.

Basi siku moja kabla hajaingia darasani, nikapanda jukwaani na mtoto wa sufi mkononi. Nikanyoosha shingo, nikapiga makofi mawili. "Wasichana! Tuko pamoja?" Kisha nikamchezesha mtoto kichwa, nikamsemea kwa sauti ya puani: "Mimi sipo pamoja, Mwalimu! Tangu nizaliwe sijaoga! Nanuka wino! Nipelekeni japo Jangwani mvua zikinyesha nikajioshe mwenyewe!"

Wenzangu waliangua kicheko, halafu kicheko kikakatika ghafla, kama bomba lililofungwa. Sikuwa na haja ya kugeuka. Nilisikia harufu ya sabuni yake.

"Endelea," akasema nyuma yangu. "Mtoto alikuwa bado anazungumza."

"Amemaliza, Mwalimu."

"Vizuri. Wewe ndiyo kwanza unaanza. Alhamisi utafundisha akina mama kliniki."

Darasa zima likavuta pumzi. Kliniki ile ilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, upande wa Kariakoo, na kila mmoja wetu alijua habari zake. Akina mama walikuja watoto wapimwe uzito, wapate dawa, basi. Nesi akisema tu, "Sasa tusikilize somo," mama wa kwanza anashika kichwa: "Jamani, maharage yangu motoni!" Na wa pili anakumbuka yake. Siku ya Alhamisi maharage ya Kariakoo nzima yaliungua kwa wakati mmoja. Mwalimu mwenyewe alikuwa amefundisha benchi tupu pale mara nyingi tu.

"Ukifika mwisho wa somo na mama hata mmoja bado ameketi, unabaki chuoni," akaniambia. "Wakiondoka wote, ondoka nao."

Hakucheka. Sijawahi kuwaza kopo la mkaa kwa kirefu kama nilivyoliwaza usiku ule. Na jambo la ajabu, viatu havikunijia akilini kabisa. Nilichowaza ni kwamba nisingejua tena wenzangu wanacheka nini bwenini.

Alhamisi tukavuka Mnazi Mmoja, Mwalimu mbele, mimi nyuma na beseni kichwani, mtoto wa sufi kalala ndani yake kama bwana harusi. Kliniki imejaa. Watoto wakapimwa, wakalia, wakapewa dawa. Nikasimama mbele ya benchi.

"Shikamooni, mama zetu!"

"Marahaba!" wakaitika, huku wanafunga vizuri mbeleko zao tayari kwa safari.

Mbele kabisa aliketi bibi mmoja, baibui lake kalishusha mabegani, ubavuni pake mkwewe, binti wa rika langu, amempakata mtoto wa kiume aliyenona. Bibi akanipima kuanzia kofia mpaka viatu.

"Mjukuu wangu, wewe umezaa?"

"Bado, bibi."

"Umeolewa?"

"Bado, bibi."

"Sasa unatufundisha nini, kupiga mluzi?"

Benchi likacheka. Kule nyuma mmoja akasimama, "Maharage yangu..." Mwingine naye akasimama. Nikababaika, na mtu akibabaika mwili wake unafanya ulichozoea. Nikaweka beseni mezani, nikakunja mkono wa gauni, nikatumbukiza kiwiko kwenye beseni tupu, nikatikisa kichwa nimeridhika.

Ndoo ya maji ya uvuguvugu niliyoandaliwa ipo hapo hapo mguuni pangu, haijaguswa.

"Jamani!" akasema yule wa nyuma. "Anapima upepo!"

Alikaa tena ili acheke vizuri. Wakacheka mpaka watoto wakashtuka. "Upepo wa leo wa moto au wa baridi, nesi?" "Mtie na sabuni ya upepo!" "Mpe maji mtoto wa watu, we!"

Nikaona hapa sina cha kupoteza. "Mnataka maji?" nikasema. "Haya, na apewe maji!" Nikainua ndoo, nikamimina, nikamtosa mtoto wa sufi.

Alikunywa. Hakuna namna nyingine ya kueleza. Aliyanywa maji yote yale kama mtu aliyetoka safari ya jangwa. Tumbo likavimba, miguu ikavimba, wino ukayeyuka, akawa analia machozi meusi mpaka kidevuni. Nilipomwinua alikuwa mzito kama gunia na anachuruzika kila mahali.

"Kafa huyo!" akasema bibi. "Mzikeni."

Sikuthubutu kumtazama Mwalimu, aliyesimama mlangoni. Mwanasesere pekee wa chuo, nimemzamisha. Nikawa nasikia tu kicheko kinavyopungua, na kikiisha kicheko najua yatafuata maharage.

Ndipo yule binti mwenye mtoto akasema taratibu, "Mwogeshe huyu wangu basi, tuone."

"We mwanamke, una wazimu?" bibi akamgeukia. "Umeona alivyomfanya mwenzie!"

"Huyu hana sufi, mama," akajibu mkwewe, akaniwekea mwanawe mikononi.

Kila nilichokuwa nacho cha kuchekesha kikanitoka. Mtoto wa kweli ana joto. Anasukuma. Anakuangalia kama aliyesikia habari zako. Nikamwaga maji machafu, nikatia mapya, nikapima kwa kiwiko, safari hii kweli. Nikamlaza mezani, nikamvua nguo. Na pale kiunoni nikauona uzi mweusi, na juu ya uzi hirizi ndogo iliyoshonewa ngozi.

Chuoni tulifundishwa hivi: mtoto avuliwe kila kitu kabla ya kuogeshwa. Kila kitu. Mwalimu alikuwa akilisema hilo pale kliniki kila Alhamisi, tena ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Mimi nimelelewa Kariakoo. Nami nilivaa uzi kama ule, shangazi aliniambia. Vidole vyangu vilipofika kiunoni, benchi zima likanyoosha shingo, na bibi akainuka nusu, baibui mkononi. Mlangoni Mwalimu naye anatazama vidole vile vile.

"Huyu bwana mkubwa," nikasema, "haogi bila saa yake."

Nikaushika uzi kwa kidole kimoja, nikauinua kidogo, nikaosha chini yake. "Angalieni hapa, mama zangu. Chini ya saa ndipo jasho linapojificha, ndipo ngozi inapochubuka. Uzi ukae, lakini inueni, osheni, mkaushe vizuri. Na ukibana, legezeni. Bwana mkubwa ananenepa huyu, saa ya mwezi uliopita haimtoshi."

Bibi akakaa. "Unambana kweli," akamwambia mkwewe. "Nilikwambia."

"Hukuniambia, mama."

"Nilitaka kukwambia."

Nikaendelea. Kichwa, nyuma ya masikio, mikunjo ya mapaja ambako poda ya mtoto hugeuka tope. Mmoja akauliza, mwingine akajibu, wa tatu akambishia, ikawa baraza. Nikamkausha, nikamwinua wamwone alivyong'aa, na papo hapo bwana mkubwa akanikojolea, kuanzia kifuani mpaka kwenye vile viatu vyeupe nilivyovifuata.

"Sasa umepata cheti," akasema bibi.

Wakacheka, nami nikacheka, na katikati ya kicheko nikapiga makofi mawili, pa, pa. "Tuko pamoja?"

"Tupo!"

Naapa sikuwa namwigiza mtu. Ilitoka yenyewe. Nilitaka tu kujua kama tuko pamoja. Na tulikuwapo, benchi zima, hakuna hata harage moja lililoungua.

Tukirudi, katikati ya Mnazi Mmoja Mwalimu akapunguza mwendo.

"Nilifundisha mtoto avuliwe kila kitu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mbona hukumvua?"

"Ningevua uzi, Mwalimu, benchi lingebaki tupu."

Akatembea hatua kadhaa. "Kwetu hatufungi uzi huo," akasema. "Nilidhani wanakimbia lafudhi yangu." Nikamtazama kwa pembe ya jicho. Kumbe na yeye alikuwa na usiku wake wa kuwaza. Kisha akasema, "Kesho utawaeleza wenzako ulivyofanya. Uwafundishe."

"Mimi, Mwalimu?"

"Wewe. Na kwa sauti yako. Ya kwangu umeshaitumia vya kutosha."

Kesho yake nikasimama pale pale nilipofumaniwa. Wenzangu walikuwa wanangoja kucheka, na nikawachekesha, kwa sababu habari ya mtoto kunywa ndoo nzima huwezi kuieleza umekunja uso. Lakini walikuwa wanacheka huku wanaandika. Mwenzetu mmoja, msichana mpole wa kukaa nyuma, hakuwahi kuweza kushika kichwa cha mtoto, kila siku kinamponyoka. Nikamwambia, "Shika kama unavyobeba papai lililoiva, unalipeleka kwa mtu unayemwogopa." Akashika. Kikatulia. Akanitazama kwa macho makubwa, nami kitu kikanipita kifuani, cha moto kama chai ya asubuhi. Nimechekesha watu tangu nina akili, lakini hiyo ilikuwa ladha nyingine. Mwalimu yuko dirishani anajifanya anatazama mvua.

Tangu hapo Alhamisi ni yangu. Nikipita sokoni siwezi kufika mbali. "We mama sufi! Mtoto wako kafufuka?" "Kafufuka, mama, yuko kwenye kamba anakauka!" Na kweli, alikaa kwenye kamba ya hosteli karibu wiki mbili, kichwa chini, akiwatisha wasichana wapya. Bibi yule siku hizi huja kliniki hata mjukuu akiwa hana zamu. Anasema anakuja kuniangalia nisiwapime wenzake upepo.

Likizo iliyofuata nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta juu ya gunia, uso mweusi wa vumbi la mkaa, meno meupe.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuja kuchukua kopo langu."

Meno yakapotea. Akaacha kupima mkaa wa mteja katikati. "Nilijua! Wamekufukuza! Umefanya nini, we mtoto, umemchekesha maiti?"

"Hawajanifukuza. Nataka la kuchotea maji ya kuogeshea watoto kliniki, ndoo nzito kuinua. Na shangazi, nikimaliza unesi nataka nisomee kufundisha manesi."

Alinitazama muda mrefu, mteja naye ananitazama, mkaa unangoja. Kisha akanyoosha mkono, akalitoa kopo kwenye msumari, akalipuliza vumbi, na badala ya kunipa akaliweka jikoni ndani ya sufuria ya maji. Alilichemsha mpaka jioni kama muhogo, anafunua, anasugua kwa mchanga, anarudisha.

"Lisije likamkojoza mtoto wa watu mkaa," akasema, "halafu wakaja kuniuliza mimi, niliyemlea huyo mwalimu."