Leota Grubbs na Bunduki za Kiwanda Kilichofungwa

Leota Grubbs alikata koo za kuku kwa miaka ishirini na miwili. Mashine ya kiwanda cha kuku ndiyo iliyochinja wengi, lakini waliopita wakiwa hai walimkuta yeye amesimama na kisu, mabuti yamelowa damu, akiwamaliza mmoja mmoja tangu alfajiri hadi adhuhuri. Alistaafu akiwa na vidole viwili visivyokunjika. Lakini bondeni kwao, huko Arkansas, watu walimjua kwa jambo jingine: alikuwa mnunuzi wa bunduki za risasi moja.

Hazikuwa bunduki za fahari. Zilikuwa bunduki za wanyonge, zenye kitako cha mbao hafifu na rangi inayobanduka. Unabonyeza kitufe, bunduki inakunjika katikati kama mkono kwenye kiwiko. Unatia risasi moja, unaifunga, unavuta nyundo kwa dole gumba, unafyatua. Ukikosa, imekula kwako. Kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimefunga milango zamani, na tangu hapo Leota alizisaka minadani, kwenye maduka ya rehani na makabatini mwa wajane. Baba yake, mpasua mbao, alilisha watoto sita kwa bunduki moja ya aina hiyo. Leota alikuwa nazo kumi na moja.

Ya kumi na mbili aliipata kwa Virgil Moad, mwenye duka la rehani, Jumanne moja ya Oktoba.

"Nimekufichia kitu, dada," Virgil alisema. "Ila bega likitoka mahali pake usije kunililia hapa."

Leota aliikunja, akachungulia mtutu dhidi ya mwanga wa dirishani. Ilikuwa ya risasi nene, ya kumwangushia dubu. "Mtutu mzima. Lakini hapa risasi inapokaa pana kutu. Mwenyewe alikuwa anaihifadhi kisimani?"

"Mwenyewe amekufa. Ameileta mkewe."

"Basi amepumzika. Nipunguzie kwa hiyo kutu."

Virgil aliguna, akapunguza.

Mchana huohuo Leota aliijaribu kwenye shimo la kokoto nyuma ya nyumba yake. Mbwa wake Jubal, dume mpana mwenye makovu usoni, alilala mbali maana alijua kishindo kinakuja. Risasi ya kwanza ililipasua boga likawa uji. Bunduki ilimpiga Leota teke la nyumbu, akacheka peke yake. Ya pili ikatua karibu na ya kwanza. Ya tatu ilipotoka, ganda likagoma kutoka. Kutu ilikuwa imelishika. Akalichokonoa kwa kisu mpaka likaruka, akajiambia kwamba jioni atakaa aisugue pale ndani mpaka ing'ae.

Jioni haikumpa nafasi. Saa kumi gari la shemeji yake, Coy, mdogo wa marehemu mumewe, liliingia uani kwa kasi.

"Shemeji, nguruwe mwitu wamemla ndama wangu! Amezaliwa asubuhi, wamemla mama yake akitazama. Wako kwenye matete kule kijitoni. Mlete Jubal." Kisha akaiona bunduki. "Mungu wangu, umeokota chuma kingine chakavu?"

"Na wewe bado unamwaga risasi kama mtu anayemwagilia kabichi?"

"Yangu inabeba thelathini."

"Ndiyo maana hujajifunza kulenga."

Angeweza kurudi ndani kuchukua nyingine. Hakurudi. Mkono ulikuwa umekwisha kuizoea ile mpya, akaenda nayo, Jubal akimfuata.

Waliwakuta kijitoni, kundi la tisa au kumi, midomo yao bado myekundu. Coy hakungoja. Alifyatua mfululizo, matete yakakatika, jike mmoja akaanguka akipiga mateke, vitoto viwili vikabiringika majini. Dume la kundi lilipigwa pia, mgongoni, mahali pasipoua. Halikukimbia. Lilizunguka, likaja moja kwa moja, na bunduki ya Coy ikalia tupu.

Lilimpiga pajani. Chonge ilipanda kutoka gotini hadi karibu na kinena, na Leota alisikia suruali na nyama vikichanika kwa sauti moja. Coy alianguka chali akipiga mayowe. Dume likarudi juu yake, likimsaga. Hapo Jubal aliruka, akauma sikio, akaning'inia.

"Piga!" Coy alilia. "Shemeji, piga!"

Leota alikuwa umbali wa hatua sita. Alivuta nyundo. Upande wa kichwa kulikuwa na Coy, na mbele ya bega la dume, pale penye moyo, zilikuwa mbavu za Jubal. Alisubiri mbwa asogee. Hakusogea, alikuwa amefundishwa asiachie. Chonge ikamwingia Coy mkononi, ikatokea upande wa pili.

Leota akafyatua.

Risasi ilimpasua Jubal ikaingia kwa nguruwe. Mbwa alidondoka bila hata kulia. Dume lilipiga magoti, likatapika damu, kisha likainuka. Leota aliikunja bunduki, na ganda likagoma. Alilivuta kwa kucha, kucha ikang'oka. Basi akaitupa bunduki, akachomoa kisu, akalirukia lile dume mgongoni, akalishika sikio lililokuwa limechanika na kulizamishia kisu chini ya taya. Akakivuta kuelekea kwake. Damu ya moto ilimjaa usoni na kinywani. Lilimburuta hadi majini kabla miguu yake haijaishiwa nguvu.

Alimfunga Coy paja kwa mkanda, akamkokota hadi kwenye gari. Ndipo akarudi kumchukua Jubal.

Coy alipona, ila alichechemea na mkono wake mmoja haukufumbata tena. Mwezi wa pili baada ya hapo Leota alisikia kwamba huko kwa kinyozi Coy anasimulia jinsi alivyoliua lile dume yeye mwenyewe, na kwamba shemeji yake alipagawa akampiga mbwa bure.

Leota alimkuta barazani kwake anakunywa kahawa. Hakumsalimu. Alimchapa kofi, kikombe kikaruka na kupasukia ngazini.

"Rudia," alisema. "Rudia mbele yangu."

Coy alishika shavu. Leota alikuwa tayari kumwongeza la pili, lakini mabega ya yule mwanamume yalianza kutikisika.

"Silali, shemeji. Nikifumba macho nausikia mdomo wa lile dume. Nikisimulia vile ilivyokuwa, mwili unatetemeka mbele za watu. Nikisema nimeliua mimi, hautetemeki."

Leota alishusha mkono, kiganja bado kinamwasha.

"Mimi nilimlea Jubal kwa chupa," alisema. "Nilimpiga nikijua. Usiniambie nilimpiga bure."

"Sitasema tena."

"Utasema. Utakwenda kwa kinyozi, utasema uliogopa, na mbwa akakushikia roho yako mpaka nikapata nafasi. Utetemeke wakuone."

"Watanicheka."

"Wacha wakucheke. Nitakuwepo."

Ijumaa walikwenda wote wawili. Coy alisimulia akitetemeka, kitambaa cha kinyozi kikiwa shingoni, Leota ameegemea mlango. Mtu mmoja kweli alianza kucheka, akamtazama yule mama mlangoni, akanyamaza.