Tuliiba kwa Moyo Wote

Babu yangu aliandika kitabu cha maisha yake ya uimbaji, na watu wa Sumbawanga waliokisoma wakajua kwa mara ya kwanza kwamba ni mwizi. Nalisema hili mapema kwa sababu kosa ni langu, na adhabu nimeshaimaliza.

Zamani, Babu alipokuwa bado na nywele, yeye na vijana wenzake watatu waliimba nyimbo za mapenzi za Wamarekani weusi. Hawakuwa na gitaa wala ngoma. Sauti nne tu, na vidole vya kupigia mdundo. Walijifunzia kwenye redio ya betri, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kiingereza, maneno waliweka ya kwao. Kwenye daftari lake Babu aliandika kwamba walikuwa "mabingwa wa soli". Nilisoma kurasa tatu nikidhani kundi lilikuwa la mafundi viatu. Kumbe alimaanisha muziki wa soul.

Wawili wameshakufa. Wamebaki Babu, sauti ya kwanza, na mzee mmoja wa mtaa wa Katandala, sauti ya nne. Hawa walikuwa hawajasalimiana tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Ugomvi wao ni wimbo mmoja. Mzee wa Katandala aliutunga, na ndiye aliyepaswa kuuongoza siku ya mashindano. Baiskeli yake ikapata pancha njiani, akachelewa, Babu akauongoza yeye. Wakashinda. Tangu siku hiyo mji mzima ukauita wimbo wa Babu, na mwenye wimbo akaacha kundi.

Wanasali kanisa moja, benchi moja, kwa sababu kila mmoja anasema yeye ndiye alianza kukaa pale na hahami. Padri akisema tutakiane amani, mzee wa Katandala anageukia kulia kwa waumini wengine, Babu anageukia kushoto. Kushoto kwa Babu kuna nguzo. Nimemwona kwa macho yangu akiitakia amani nguzo, tena kwa mikono miwili.

Kwa hiyo aliponipa daftari nikalichape likizo ya mwezi wa sita, nilijua linaandikwa kwa ajili ya nani. Mwenyewe hakuficha. Alisema wengine wasome wakipenda, ila yule wa Katandala lazima asome, halafu aje waongee, hata kama ni kuja kugomba. Alichokiogopa ni mmoja wao kuzikwa na mwenzake kusimama pembeni ya kaburi bila kujua aseme nini.

Nilichapa kwa mama mmoja mwenye steshenari pale Mazwi, rafiki wa mama. Baridi ya mwezi wa sita mnaijua. Vidole vilikuwa kama mihogo. Siku ya tatu nikaruka herufi moja, na badala ya "tuliimba kanisani" nikaandika "tuliiba kanisani". Nilicheka mpaka mwenye steshenari akauliza kama naumwa.

Mtu mwenye akili angerekebisha akaendelea. Mimi nikaiambia kompyuta itafute kila "imba" iweke "iba". Nilitaka tu kupiga picha nimtumie mshikaji wangu wa darasani. Matokeo yalikuwa balaa. "Tuliiba kila Jumapili, na Padri alitupenda kwa sababu tuliiba kwa moyo wote." "Mkuu wa Mkoa alituita kuiba nyumbani kwake, naye akafurahi." "Watoto wangu nimewafundisha kuiba, na wajukuu nao wanaiba, ingawa yupo mmoja anaiba vibaya." Huyo mmoja ni mimi. Hata mguu wa Babu uliovimba mwaka wa mvua nyingi, kwenye kitabu uliviba.

Faili safi nililiita "babu mwisho". La utani nikaliita "babu mwisho kabisa". Nikaenda zangu kucheza mpira. Ulipofika wakati wa kutoa nakala, mwenye steshenari akatumia akili, akachagua la mwisho kabisa.

Babu hakuzipitia. Alisema yeye ndiye aliyeandika, asome ili iweje. Zilikuwa nakala kumi na mbili zenye jalada la bluu, akazigawa baada ya misa kama kadi za harusi ya mtoto wake. Ya Katandala nilitumwa mimi. Yule mzee aliitikia shikamoo yangu, akaiangalia picha ya Babu jaladani, akauliza, "Huyu bado yupo?" Akaingia nayo ndani.

Bibi ndiye aliyeanza kulalamika. Hakujali habari za wizi, kwa sababu alikuwa anajitafuta yeye. Akajikuta ukurasa wa tisa: "Mwaka huo nilinunua redio mpya, pia nikaoa." Siku hiyo Babu alikula ugali wa ulezi na chumvi. Alipouliza mboga iko wapi, Bibi akamwambia akaiulize redio.

Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa akaja Jumanne, hataki chai. Alikaa ukingoni mwa kiti akimuuliza Babu kwa upole kama ameshaenda kuungama. Babu akajibu kwamba mambo yale anajivunia na angekuwa na nguvu angeyarudia hata leo, tena pale pale kanisani. Mama wa watu aliaga akiwa ameukumbatia mkoba wake kifuani. Mwalimu wangu wa Kiswahili yeye alirudisha nakala imesahihishwa kwa kalamu nyekundu: kila penye "mwibaji" amekata, ameandika "mwizi".

Hapo nikajua faili lipi limetoka. Nilitaka kumwambia Babu, na kila nikifungua mdomo namwona ameketi barazani amevaa koti lake la mashindano, anaangalia barabara ya kutokea Katandala. Nikaahirisha mpaka kesho.

Alhamisi mchana bodaboda ikasimama. Mzee wa Katandala akashuka polepole, kitabu kwapani. Nikasema shikamoo mara mbili kwa woga. Babu alisimama na kukaa tena. Mgeni hakungoja kukaribishwa, akavuta kigoda, akafungua ukurasa wa kumi na moja, akasoma kwa ile sauti yake ya nne inayotikisa vikombe:

"Yeye ndiye aliyeutunga, lakini niliuiba mimi, na wote mnajua."

Hata Bibi jikoni aliacha kuchekecha unga.

"Ndugu yangu," mzee akasema, "miaka yote hii nilikuwa nasubiri neno hilo. Moja tu. Sikutaka kingine." Kisha akatoa leso, akajifanya anafuta miwani.

Babu akaomba kitabu. Akakisogeza mbali na macho, akasoma. Akafunua kurasa za nyuma, akafunua za mbele, na mahali fulani nafikiri alikutana na mguu ulioviba, kwa sababu nyusi zilipanda. Kisha akaniangalia. Nimewahi kuangaliwa na ng'ombe mwenye ndama, pia na mwalimu wa nidhamu, lakini vile bado.

"Ndivyo kilivyoandikwa," Babu akasema, akamrudishia.

Wakahamia Kifipa, wakacheka vitu ambavyo Bibi alikataa kunitafsiria. Ikatoka pombe ya ulezi. Yule mzee alipoondoka jua likiwa bado juu, Babu akaniita.

"Njoo hapa, wewe mwibaji."

Nikapiga magoti bila kuambiwa. Nikaeleza yote: kompyuta, mshikaji, mwisho na mwisho kabisa. Alisikiliza huku anasugua goti. Nikamwomba anisamehe kwa kumsingizia.

"Umenisingizia nini?"

"Kwamba uliuiba wimbo, Babu."

Akaacha kusugua goti. "Asubuhi ile ya mashindano nilimpita njiani," akasema. "Ameinamia tairi, ananipungia mkono. Pampu ilikuwa kwenye baiskeli yangu mimi. Nikajifanya sikumwona." "Daftarini hilo sikuliandika."



Adhabu ilikuwa hii: nikusanye nakala zote, nirekebishe neno kwa neno kwa mkono wangu, siyo kwa ile njia ya kompyuta, kisha nizirudishe kwa kila mtu na kumweleza mwenyekiti wa jumuiya kwamba ni "tuliimba", siyo "tuliiba". Palikuwa na "iba" mia na kitu. Niliandika ile herufi ya m mpaka nikaiota.

"Zote isipokuwa moja," Babu alisema. "Ukurasa wa kumi na moja usiuguse."

Jumapili Padri aliposema tutakiane amani, Babu akageukia kulia. Walishikana mikono mpaka kwaya ikaingia Mwanakondoo wa Mungu, nao wakaingia humo humo bila kuachiana, wa kwanza juu, wa nne chini, wote wawili nje kabisa ya ufunguo wa wimbo, na mwenye kinanda akawa anawatafuta bila kuwapata.

Nguzo ilikuwa imebaki peke yake. Nikasogea nikaitakia amani mimi.